Subiri Ipate Moto

Juzi usiku umeme uliporudi, mwanangu wa mwisho alibonyeza swichi ya kile kiboksi cha gramafoni, akashusha sindano kwenye santuri mwenyewe, akasubiri. Kimya. "Baba, imekufa." Nikamwambia asubiri ipate moto. Akanitazama kana kwamba nimemwambia simu lazima ichemshwe kwanza. Kisha ile harufu ikaja, vumbi la Dodoma likiungua taratibu juu ya kioo cha moto, na mimi nikawa nimesharudi Majengo, bandani kwa mzee fundi.

Mama ndiye aliyenisukuma. Alichoka kufagia akilizunguka kasha la santuri za marehemu baba. Gramafoni nilipata, amplifaya ninayo, ila nilipoziunganisha sauti ilitoka kama mtu anayeimba ndani ya debe nyumba ya tatu.

"Mbukwa, mwanangu," mzee alisema, akacheka. "Umeruka daraja." Sindano, akanieleza, inatoa kama milivolti 5 tu. Tena santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa, la sivyo mifereji ingekuwa mipana mno, na sauti nyembamba zikiwa zimeongezwa. Ndio utaratibu wa RIAA, chama cha kampuni za santuri za Marekani, wa tangu 1954. Kwa hiyo katikati lazima kikae kitu cha kukuza sauti na kurudisha besi mahali pake. Priamplifaya ya fono.

Alikuwa nazo mbili. Moja ya transista, ndogo kama kipande cha sabuni, bei nusu. Nyingine ya valvu, zile chupa za kioo za redio za zamani, mbili za aina ya ECC83 zimechomoza juu.

Akafunga mlango wa banda ili nione. Mwanzo hakuna kitu. Halafu ndani ya kioo nyuzi zikaanza kuiva, nyekundu ya kaa lililofunikwa majivu. Mzee akachomoa penseli sikioni, akagonga chupa ya kwanza kwa ncha ya mpira. Spika ikalia *tiiing*, kama kijiko kwenye glasi ya chai, ikafifia polepole. Sindano ilikuwa juu, haijagusa chochote. Akagonga ya pili: *tk*. Kavu, fupi.

"Hii ndiyo ya kukaa mbele, sauti inapoingia ikiwa bado changa. Ile nyingine ina masikio. Inasikia hata usichotaka." Akanitazama. "Jirani zako wakoje?"

Nikamwambia ukuta wa pili kuna mashine ya kusaga.

Akanyamaza, akaisukuma ile ya transista upande wangu.

Alikuwa sahihi, na nilijua yuko sahihi. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye ule wekundu. Redio ya baba ilikuwa na matundu nyuma, kwenye ubao, nami nilikuwa nachungulia humo kila jioni, yeye akingoja taarifa ya habari na kuniambia nitulie, bado haijapata moto.

Nikachukua ya valvu. Mke wangu nilimtajia bei nyingine, hilo tuliache.

Wiki ya kwanza ilinguruma mfululizo. Kumbe waya wa ethi wa gramafoni sikuufunga. Wiki ya pili ikaanza kuusikia mtama wa watu. Kila saa tatu asubuhi mashine ya jirani inaingia katikati ya rumba. Nilikata kandambili nikaziweka chini ya kiboksi, ikapungua kidogo. Ile ya transista alinunua kaka. Niliwahi kuisikiliza kwake nimefumba macho, nikashindwa kusema ni ipi iliyo bora. Nilipofumbua nikasema yangu.

"Sasa imepata?" mtoto aliuliza.

"Bado."

Akainama, pua karibu iguse kioo, nikamvuta nyuma kwa shati. Sauti ikaja ikipanda kutoka mbali, wimbo ukiwa umeshafika ubeti wa pili. Akataka kuurudisha mwanzo. Nikamwambia auache hivyo hivyo.