Bagamoyo, Waya Ulipotokea Baharini

Tangu Mei 2024, mikongo ya baharini ilipokatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini na intaneti ikadorora nchi nzima, nilitamani kuona pwani ambako waya wa kwanza wa chini ya bahari ulitufikia huku bara. Nikapanda daladala ya Bagamoyo.

Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, kisha stendi. Nilitembea hadi Mji Mkongwe, kwenye posta ya zamani ya Wajerumani, na hapo nilikaa sana. Unguja ilikuwa na telegrafu tangu 1879, kwenye njia ya waya wa Aden hadi Durban. Bagamoyo haikuwa nayo. Stanley, mpelelezi wa Kizungu, alipofika hapa Desemba 1889 na Emin Pasha, gavana aliyekwenda kumwokoa, habari zao, zilizongojwa Ulaya nzima, zilibidi kwanza zipande chombo, zivuke hadi Unguja, ndipo ziingie kwenye waya. Mwaka 1890 ukalazwa waya kutoka Unguja hadi Bagamoyo na Dar es Salaam. Bahari ya kilomita kama 40 tu! Lakini tangu hapo ujumbe haukungoja tena upepo wala tanga.

Leo mikongo ya nyuzi za kioo, kama SEACOM ya 2009, inatokea Dar es Salaam. Bagamoyo imebaki na posta yake ya zamani, nami naona inastahili kutunzwa kama Boma, jengo la utawala wa Wajerumani, linavyotunzwa.

Ufukweni, karibu na soko la samaki, maji yalikuwa yamekupwa. Mzee mmoja alikuwa akishona jarife, wavu wa samaki wakubwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamuuliza habari za nanga, maana nanga na nyavu ndizo zinazoharibu mikongo zaidi.

"Nanga hukamata mengi," alisema. "Ikigoma, usiivute kwa nguvu. Zunguka, uivutie upande wa pili."

Nilimweleza kwamba karibu na pwani mkongo huvikwa chuma na kufukiwa, lakini kilindini ni mwembamba kama mpira wa kumwagilia bustani. Ukikatika, meli hushusha ndoana kubwa, ikaopoa ncha moja, kisha ya pili, mafundi wakaziunga.

"Kumbe nao wanavua," akasema. "Sasa pa kutupa ndoana wanapajuaje?"

Nikamwambia mwanga hupigwa kutoka nchi kavu, sehemu yake hurudi, na muda wa kurudi ndio unaowaonyesha mkongo umekatikia umbali gani.