Kumbukumbu ya ukarabati wa nyumba ya Ng'ambo, Tabora: ipi ya fundi, ipi yangu

Juni. Mvua zimekatika.

Nyumba ni ya familia na ina sehemu mbili zisizofanana. Vyumba vya mbele ni vya tofali za kuchoma. Vya nyuma, ambavyo ndivyo vilivyotangulia, ni vya tofali mbichi, na miaka ya baadaye vikapigwa lipu ya saruji. Lipu hiyo ndiyo inayoanguka. Ukiigonga inaitika kama debe tupu, halafu siku moja kinashuka kipande kizima na nyuma yake udongo una unyevu. Saruji ni ngumu na hairuhusu ukuta kupumua, wakati tofali mbichi huvimba ikinywa maji na kusinyaa ikikauka. Havishikani, fundi awe nani.

Nina hadi Novemba, mvua zinapoanza tena. Mchana nafundisha, kwa hiyo muda wangu ni jioni na Jumapili.

Nimetazama video nyingi za Waingereza na Wamarekani wanaokarabati nyumba zao wenyewe. Sababu yao kubwa ni moja: kwao ufundi ni ghali. Nilipoandika makadirio yangu kwenye daftari, hesabu ikakaa kinyume. Mabati, mbao, saruji na nyaya ndivyo vinavyomeza pesa. Ufundi haukufika theluthi. Maana yake nikijifunzia lipu kwa saruji ya dukani, nikaharibu mifuko kadhaa, akiba yote niliyoifikiria imekwisha. Isitoshe, fundi wa hapa haji na vifaa. Anakupa orodha, wewe unazunguka madukani, unatafuta mchanga, unabishana na mwenye gari. Hata ukiajiri, nusu ya kazi tayari iko mgongoni mwako.

Basi nikagawa hivi: inayotaka mkono uliozoea ni ya fundi, inayotaka kusubiri ni yangu. Fundi aliyepatana bei ya kazi nzima hana sababu ya kusubiri, kwani kila siku anayokaa kwangu anakosa riziki kwingine. Simlaumu, ndiyo biashara.

Julai. Paa.

La fundi, bila mjadala. Paa likishafunguliwa huwezi kuliacha wazi ukisubiri Jumapili ijayo. Mimi nilinunua bati tu (geji 28, namba ikipanda bati linakuwa jembamba, na kuna wauzaji wanaoomba usilijue hilo) na kumwomba atoe ukingo wa paa nje zaidi kuliko zamani. Mabati ya kwanza yaliishia karibu na ukuta, maji yakawa yanadondoka na kurukia chini ya tofali mbichi kila msimu. Unyevu ulianzia hapo. Kupiga lipu mpya kabla ya kuyaondoa maji ni kumwaga pesa.

Jioni nikachimba mfereji kuzunguka nyumba ya nyuma, wenye mteremko wa kuelekea barabarani.

Agosti. Lipu ya mbele.

Hapa nilijifanya saidia fundi. Jirani mmoja akasimama na baiskeli, "Mwalimu, mshahara umechelewa?" Lakini anayeshika karai ndiye anayejua kilichomo ndani ya ukuta.

Fundi alitaka kupima mchanga kwa koleo. Koleo la asubuhi na koleo la saa nane, mtu akiwa amechoka, si koleo moja. Tukapatana ndoo. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, kwa hiyo mchanganyo wa moja kwa tano (saruji moja, mchanga tano) unataka karibu ndoo tisa za mchanga za lita 20. Akacheka, akasema ndoo zinachelewesha. Nikamwambia za kuchelewesha nachota mimi.

Kazi yangu nyingine ilikuwa maji. Usiku wa kuamkia lipu nailoanisha tofali, maana tofali ya kuchoma ikiwa kavu inanyonya maji ya lipu kabla saruji haijashika. Baada ya hapo ni kumwagilia asubuhi na jioni kwa muda wa wiki. Saruji haikauki ikawa ngumu. Inakuwa ngumu kwa kuyatumia maji, na upepo wa Agosti wa Tabora unayaiba mapema. Nyufa ndogondogo unazoziona kwenye kuta nyingi mpya mjini, naamini nyingi zilizaliwa wiki hiyo ya kwanza, fundi akiwa ameshalipwa na ameshaondoka.

Mkono wake lakini, acha tu. Anatupia, anavuta ubao, ukuta umenyooka kama ulivyopimwa na timazi. Nilijaribu nyuma ya mlango, nikamrudishia mwiko.

Septemba. Vyumba vya nyuma.

Hii ndiyo sehemu niliyoipenda. Kila fundi niliyemuita alisema kitu kimoja: bandua, piga wavu wa waya, rudishia saruji. Shangazi akaja kutoka kijijini, akazunguka chumba mara moja, akauliza, "Mwanangu, hiki si udongo? Kwa nini usikikandike?"

Kweli, kwa nini? Tofali mbichi inataka lipu laini kuliko yenyewe au inayolingana nayo. Tukaleta udongo wa kichuguu, ambao mchwa ameshauchambua mawe yote, tukauchanganya na mchanga, nyasi kavu zilizokatwakatwa na samadi kidogo. Nilipaka viraka vya majaribio vyenye mchanga tofauti, nikaviacha vikauke. Kilichopasuka kilikosa mchanga, kilichopukutika ukikisugua kilizidishiwa. Cha katikati ndicho tulichokandikia chumba kizima. Udongo ukiharibika unaulowesha na kuanza upya, haukudai chochote. Jaribu hivyo na saruji.

Juu yake nimepaka chokaa, nyepesi, mikono kadhaa, ukuta ukiwa na unyevunyevu. Chokaa inakuwa ngumu polepole kwa hewa, hivyo nayo inataka mtu asiye na haraka. Vaa miwani, inachoma macho vibaya.

Umeme nilimpa mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kosa la waya liko ndani ya ukuta, utalijua likishawaka. Hapo hakuna majaribio ya viraka.

Oktoba. Joto.

Mchwa yuleyule aliyenipa lipu alikuwa amekula fremu za milango ya nyuma, zote. Seremala ametengeneza mpya za mninga. Nilikaa naye akichagua mbao, kwa sababu mninga unaosifiwa ni ule wa moyo, mwekundu. Ukingo wake mweupe mchwa anaula kama mti mwingine wowote. Fremu mbili nilimrudishia. Alinuna kidogo, akabadilisha.

Kilichobaki ni sakafu ya bafu. Jamvi la zege limeshamwagwa, naendelea kulimwagilia. Fundi wa vigae amepiga simu kuuliza kama aje kesho, nimemwambia Jumatatu ijayo. Kabla hajaweka kigae hata kimoja nitamwaga ndoo ya maji pale mlangoni, nione yanakwenda wapi.