Kurihama, nilikoifuata Mississippi

Treni nyekundu ya Keikyu ilinishusha Kurihama, Japani, asubuhi, nikashika njia ya pwani kwa miguu. Upepo ulinukia chumvi na mwani, kama kwetu Tanga maji yakikupwa.

Hapa ndipo Komodoro Matthew Perry wa jeshi la majini la Marekani, aliyekuja na meli nne, aliposhuka tarehe 14 Julai 1853 na barua ya rais wake. Mnara wa jiwe wenye mwandiko wa Ito Hirobumi, waziri mkuu wa kwanza wa Japani, ulizinduliwa 1901, ukaangushwa vitani 1945, ukasimamishwa tena mwaka huohuo. Unamtaja Perry. Mimi nilikuwa nimeifuata meli yake mojawapo.

Mississippi ilikuwa manowari ya mbao iliyoundwa Philadelphia, Perry mwenyewe akisimamia, ikaanza kazi 1841. Mvuke ulizungusha gurudumu kubwa la makasia kila ubavu, na milingoti ilibaki na matanga yake. Kuja huku ilizunguka Cape Town, ikatia nanga Mauritius, ikaikata Bahari ya Hindi, bahari niliyojifunzia kuogelea.

Katika jumba dogo la kumbukumbu bustanini niliinama muda mrefu juu ya mfano wa meli hizo. Gurudumu limekalia katikati ya ubavu, palepale ambapo mizinga ingepangwa, tena liko wazi kwa risasi ya adui. Ndiyo sababu rafadha, inayozunguka chini ya maji nyuma ya meli, ilipokuja, manowari za magurudumu hazikudumu.

Kilichonigusa zaidi ni shairi la Wajapani wa wakati ule. Jokisen ni chai ya kijani ya daraja la juu. Ukilitamka, ni meli ya mvuke pia. Vikombe vinne tu, na usiku kucha usingizi hauji! Aliyelelewa na mafumbo ya Kiswahili analionja hili mara moja. Kati ya zile meli nne za Perry, za mvuke zilikuwa mbili, Mississippi na Susquehanna. Moshi wake ulitosha.

Miaka kumi baadaye, usiku wa tarehe 14 Machi 1863, Mississippi ilikwama Port Hudson, Louisiana, chini ya mizinga ya waasi wa Kusini, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mabaharia wakaichoma wasiwaachie adui. Ikanasuka yenyewe, ikateremka na mkondo ikiwaka, ikalipuka. Mto wenyewe ulikuwa Mississippi, ule iliopewa jina lake.

Nilitoka nikiwa mzito. Feri ya kwenda Kanaya, ng'ambo ya ghuba, ilikuwa ikiondoka bandarini, na mzee aliyekuwa akivua kwa mshipi akanisogezea nafasi ukutani, tukaitazama pamoja bila kusemezana.