Siku moja ya kukagua magugu sugu, bonde la Sabaki, Malindi

Saa 12:15 asubuhi. Vyungu kwanza, kabla upepo wa kusi haujaamka. Vina miche ya Eleusine indica, nyasi ya magugu, yenye majani matatu hadi manne: nusu imetokana na mbegu za nyasi zilizonusurika dawa shambani, nusu na mbegu za mahali pasipowahi kupigwa dawa. Tunavipanga mstari mmoja na kupita na bomba la dawa mara moja kwa mwendo uleule wa shambani. Vipimo ni vinne: bila dawa, nusu ya dozi ya lebo, dozi kamili, na mara mbili yake.

Saa 1:30. Shamba la mahindi lililopigwa glaifoseti, dawa ya kuua magugu, wiki tatu zilizopita, kabla ya kupanda. Hapa ni kutembea na kutazama. Nyasi zilizobaki kwa ukanda ulionyooka maana yake nozeli iliziba, au mpigaji aliruka njia. Zikibaki za kila aina, dawa ilikuwa hafifu. Kinachotia wasiwasi ni shina moja la Eleusine, lile bapa, jeupe chini, limesimama kijani huku wenzake wa umri uleule wamekauka ubavuni. Hata hapo, inama uangalie. Lisilo na jani lililoungua huenda limeota baada ya dawa, maana glaifoseti ikishafika udongoni haizuii mbegu kuota.

Saa 3:00. Maji, na kesi nyingi za "dawa imekataa" huishia hapa. Maji ya Sabaki yana tope, na chembe za mfinyanzi hushika glaifoseti kabla haijagusa jani. Ya visima vya mawe ya matumbawe ni safi machoni lakini yamejaa kalsiamu, nayo huifunga dawa. Mvua iliyokingwa ndiyo bora. Ukilazimika kutumia kisima, yeyusha salfeti ya amonia kilo 2 kwa lita 100, yaani gramu 320 kwa bomba la lita 16, ndipo utie dawa. Ukianza na dawa, kalsiamu imeshawahi.

Saa 4:00. Kupima bomba kwa maji matupu. Jaza hadi alama, piga eneo la mita 10 kwa 10, kisha pima maji ya kurudishia alama. Yakiwa lita 2, unatumia lita 200 kwa hekta. Lebo ikisema lita 3 kwa hekta, hiyo ni mililita 15 kwa kila lita ya maji: 240 kwa bomba la lita 16. Kifuniko cha chupa si kipimo.

Saa 7:00 mchana. Duka la pembejeo. Chupa tatu, majina matatu, kiambato kimoja. Tazama kundi kwenye lebo, yaani namba ya jinsi dawa inavyoua gugu: glaifoseti ni 9 (zamani G), nikosulfuroni 2 (zamani B), fluazifopu 1 (zamani A). Kubadilisha jina bila kubadilisha kundi ni kupoteza fedha. Fluazifopu, kwa mfano, huua nyasi na mahindi pia, kwa hiyo nafasi yake ni msimu wa pojo au kunde.

Wauzaji wengine hushauri kuongeza dozi. Huko Malaysia, ambako usugu wa nyasi hii kwa glaifoseti uliripotiwa 1997, baadaye ilipatikana mimea yenye mabadiliko mawili kwenye kimeng'enya kilekile ambacho dawa hukilenga. Mimea hiyo dozi nene haiitishi.

Saa 9:30. Kung'oa zilizonusurika. Masuke yaliyokomaa yanakwenda kwenye mfuko wa karatasi, yaandikwe shamba, tarehe na dawa iliyopigwa. Mengine yanatiwa gunia, wala hayatupwi ukingo wa mfereji, maana maji yatayapeleka kwa jirani. Majembe na matairi ya trekta yasafishwe kabla ya kuhamia shamba jingine.

Saa 11:00 jioni. Kuhesabu vyungu vilivyopigwa siku 21 nyuma. Vya mbegu safi vikifa kwa nusu dozi na vya shambani vikachipua hata kwa maradufu, huo ni usugu. Vyote vikifa kwa dozi kamili, tatizo liko kwenye maji au bomba, turudi kwa mkulima na kipimo.