Tulivyolisoma faili la Bibi kwa rula na penseli

Nilipotaka kuiomba serikali ya Marekani faili la Bibi, mzee ninayemhudumia, la miaka ya 1950 alipochunguzwa kazini, watu watatu waliniambia nisijisumbue. Wa kwanza ni dada mmoja tunayesali naye hapa Silver Spring, Maryland: "Mafaili ya Wamarekani hupewi wewe mgeni, shoga." Wa pili ni mtoto wa Bibi mwenyewe, aliyeona mambo ya zamani yaachwe yalale. Wa tatu ni wakala wa mtandaoni aliyetaka dola mia kadhaa kabla hata hajauliza jina la mhusika. Huyo mpaka leo nikimkumbuka napandwa na hasira, maana kazi yote ilitugharimu stempu, bahasha na fotokopi, tuseme dola kumi na kitu, pamoja na subira ya karibu mwaka mzima.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Bibi ana miaka 95. Nimemfundisha mwenyewe hilo neno "Bibi" na analipenda kuliko jina lake. Ameniruhusu kusimulia haya mradi nisitaje majina ya watu wa ile nyumba, pamoja na lake.

Alifika Washington mwaka 1951, binti wa miaka 21, akaajiriwa kupiga taipu katika idara moja ya serikali. Akapata chumba katika nyumba ya wasichana karibu na Dupont Circle. Aliyekulia nyumba ya kupanga, yenye korido moja na choo cha pamoja, ataielewa nyumba ile bila maelezo mengi. Tofauti ni kwamba mwenye nyumba alikuwa akipika, na chakula cha asubuhi na cha jioni kilikuwamo ndani ya kodi. Mwanamume haruhusiwi kupanda ngazi. Jiko la umeme chumbani marufuku, ingawa Bibi anasema kila mmoja alikuwa nalo chini ya kitanda na harufu ya maharage ya kopo ilikuwa inawasaliti. Simu moja, ipo ukumbini, kila mtu anasikia. Barua zote zinawekwa juu ya meza moja mlangoni, kila mtu anaona nani kaandikiwa na nani.

Na ilikuwa nyumba ya Wazungu tu. Mimi nisingepangishwa. Wasichana weusi waliofanya kazi serikalini walikaa kwingine, kama Slowe Hall, bweni lililojengwa kwa ajili yao wakati wa vita. Bibi hakunificha hilo, nami silifichi.

Sasa jaribu kupata picha ya korido ile katika miaka ile. Tangu Machi 1947 Rais Truman alikuwa ameamuru kila mfanyakazi wa serikali kuu achunguzwe uaminifu wake. Februari 1950 Seneta Joseph McCarthy akasimama Wheeling, West Virginia, akidai ana orodha ya wakomunisti waliojaa Wizara ya Mambo ya Nje. Mwaka 1951, mwaka uleule Bibi anafika, masharti ya kumfukuza mtu kazi yakalegezwa: haikulazimu tena kuwe na sababu za msingi za kumwona mtu si mwaminifu, shaka tu ilitosha. Mwaka 1953 Rais Eisenhower akaleta amri nyingine iliyopekua hadi tabia za watu na wanalala na nani, ikawa hata wasichana wawili wanaochangia chumba kimoja ili kupunguza kodi wana jambo la kueleza. Shaka inatoka wapi? Inatoka kwa anayeishi na wewe, anayejua unarudi saa ngapi na unasikiliza nini.

Bibi alikuwa na santuri ya Paul Robeson, mwimbaji mweusi wa Marekani aliyeshukiwa ukomunisti. Aliinunua kwa mshahara wake wa pili au wa tatu, akawa anaipiga kwenye gramafoni ya rafiki yake wa chumba cha mkabala, muuguzi. Walikuwa hawaachani. Robeson wakati huo serikali ilishamnyang'anya pasipoti, tangu 1950, wala hakurudishiwa mpaka 1958. Mwaka 1953 Bibi akaletewa kazini karatasi ya maswali ya kujibu kwa maandishi, na mojawapo liliuliza kuhusu santuri ile. Nani alijua ana santuri? Waliokuwa wanaijua ni wale wa nyumbani, na aliyeijua kuliko wote ni muuguzi.

Usidhani ni Bibi peke yake aliyeulizwa vitu vya namna hiyo. Dorothy Bailey, mwanamke aliyekuwa ofisa wa serikali hapohapo Washington, aliulizwa na bodi ya kuchunguza uaminifu kama amewahi kuandikia Msalaba Mwekundu kupinga kutenganisha damu ya weusi na ya weupe. Alifukuzwa kwa maneno ya watu ambao hata bodi yenyewe haikuwajua majina. Akafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1951 majaji wakagawanyika wanne kwa wanne, na kwa hiyo kufukuzwa kwake kukabaki palepale.

Bibi alisafishwa jina baada ya miezi kadhaa, lakini hakukaa. Aliacha kazi, akahama ile nyumba, na muuguzi hakumuaga. Miaka sabini na zaidi Bibi aliamini kwamba ni muuguzi aliyemchongea. Kila Krismasi, kadi zikifika, alikuwa anasema, "Kuna mmoja sitamwandikia." Ndiyo maana nilitaka faili.

Kosa la kwanza lilikuwa langu: niliomba kwa jina langu. Ofisi ya serikali ikajibu kwamba mtu akiwa hai faili lake ni faragha, hivyo aombe mwenyewe au aweke saini ya ridhaa. Sawa. Tukaomba kwa jina lake. Mtu mmoja akatushauri tukalipie mthibitishaji wa saini, nami karibu nimsikilize, hadi nilipoisoma fomu mara mbili nikaona inatosha mwombaji kutia saini chini ya maneno ya kiapo yaliyochapwa pale. Ukipewa fomu, isome hadi mwisho kabla hujatoa hata senti. Baada ya miezi mitatu likaja jibu: hakuna kumbukumbu.

Niliumia siku mbili nzima. Siku ya tatu nafua nguo zake, nikaona kitambaa cha zamani kilichodariziwa herufi za mwanzo za jina, na si herufi za jina ninalolijua. Nikapiga paji la uso! Sisi tuliomba kwa jina la ndoa, na mwaka 1953 alikuwa hajaolewa. Tukaomba tena kwa jina la usichana, tukaandika na lile la katikati kwa kirefu na kwa kifupi, tarehe ya kuzaliwa, na anwani ya ile nyumba ya Dupont Circle. Mwanamke yeyote anayetafuta kumbukumbu zake za zamani aanze hapo.

Bahasha ilikuja Machi, kurasa arobaini hivi. Bibi alizishika magotini bila kufungua hadi nilipomaliza kumpa dawa. Tukafungua. Weusi mtupu. Kila penye jina la mtu pamezibwa, kurasa nyingine zimebaki na mistari miwili tu. Ukurasa uliotuhusu ulikuwa wa kumi na saba: mtu anayeishi nyumba ileile anaeleza kwamba binti huyu anapiga santuri za Robeson "usiku, mara kwa mara". Jina lake limezibwa mara tatu katika aya moja.

Hapo nilipoteza usiku mbili. Kwanza nilimulika karatasi kwa tochi ya simu nikitumaini herufi zitatokeza. Hazitokezi, ni fotokopi. Nyuma ya weusi hakuna kitu. Halafu nikapima. Nilikuwa nimesoma kwamba taipu za zamani nyingi zilichapa herufi kumi kwa inchi, nikaona hesabu ni rahisi: pima weusi, zidisha, utapata idadi ya herufi za jina. Nikapata kumi na moja. Nikapima tena mahali pengine, kumi na mbili na nusu. Nusu ya herufi ni ipi? Karatasi ilikuwa imepunguzwa wakati wa kutolewa nakala, na imepinda kidogo, kwa hiyo inchi yangu haikuwa inchi yao. Nilikuwa tayari kuifunga bahasha.

Bibi ndiye aliyetegua. Alikuwa ananitazama tu kutoka kitini, akasema, "Achana na inchi. Kwenye mashine zetu i na m zilikula nafasi sawa. Hata nukta. Hesabu mstari wa juu yake."

Miaka mitatu ya kupiga taipu, na vidole vyake bado vinajua! Nikaweka rula wima mwanzo wa weusi, nikachora alama ya penseli, nikaweka tena mwisho wake, kisha nikahesabu herufi za mstari ulio juu zilizokaa kati ya alama mbili. Kila nafasi nayo ni moja. Nahesabu kwa sauti, Bibi anagonga meza kwa kidole: kumi na nne. Weusi wa pili, nikatumia mstari wa chini kwa kuwa wa juu ulikuwa mfupi: kumi na nne. Wa tatu: kumi na nne. Nilisikia joto mwilini. Ondoa "Miss" na nafasi yake, tano, zinabaki tisa. Tukakumbuka mwenye nyumba alikuwa ameolewa, lakini "Mrs." na nukta yake nayo ni nne, kwa hiyo hesabu haibadiliki.

Jina la ukoo la muuguzi lina herufi nne.

Bibi aliniambia nihesabu tena. Nilihesabu tena. Katika nyumba ile wenye majina ya herufi tisa walikuwa wawili, mwenye nyumba na msichana wa chumba cha nyuma, na kati ya hao wawili rula haiwezi kuamua. Ila muuguzi hakuwamo, kabisa. Sasa tukawa hatuzuiliki. Tulirudi ukurasa wa kwanza tukapima kila weusi mmoja baada ya mwingine, mimi na rula, yeye na lenzi yake ya kusomea dawa, mpaka chai ikapoa. Ukurasa wa ishirini na mbili tukakuta weusi mfupi: nafasi tisa. Tano za "Miss", nne za jina. Hakuna mwingine wa herufi nne katika nyumba nzima. Huyo mwenye herufi nne aliwaambia wapelelezi kwamba binti huyu ni mwaminifu, na kwamba santuri ya Robeson ni mali yake yeye, msemaji.

Haikuwa mali yake. Bibi anakumbuka duka alilonunulia.

Sikujua niseme nini, nikaenda kuchemsha maji mengine. Niliporudi nikamweleza jambo moja ambalo hakulijua, kwamba Robeson miaka ya 1930 alisoma London na miongoni mwa lugha alizojifunza ni Kiswahili. Akanitazama sana. "Lugha yako," akasema. Kisha akaomba penseli. Juu ya ule weusi mfupi, kwa mkono unaotetemeka, akaandika jina la muuguzi, herufi nne, na hiyo karatasi hairudi tena kwenye bahasha. Imeegemezwa kwenye taa ya kitandani.

Sasa namtafuta muuguzi, au watoto wake. Safari hii nimeanza na yote mawili, jina la usichana na la ndoa, maana Bibi amekumbuka kwamba mwaka 1954 alikuwa amechumbiwa na mtu wa Ohio. Dada wa kanisani aliyenikatisha tamaa ameomba nimwelekeze zile fomu; mama mkwe wake alikuwa karani hapa zamani. Nimemwambia aje Jumamosi, aje na rula.