Safari hii waniache tu mlimani

Mwaka jana, kwenye kilomita ya 97 ya safari ndefu ya baiskeli, nilikaa kwenye jiwe kando ya barabara, kiatu kimoja nimekivua, paja la kulia limekaza kama ubao, naitazama baiskeli iliyolala majanini. Gari la mwisho, lile linalozoa waliobaki, likapunguza mwendo. Kijana aliyekuwa ndani akauliza, "Mama, unapanda au unaendelea?" Nikasema naendelea. Nilidanganya. Nilikaa pale dakika 40 nzima, kisha nikaikokota baiskeli kwa mguu hadi kituo cha maji kilichofuata. Lile gari lilikuwa limesimama palepale. Nikapanda bila kumwangalia yule kijana usoni.

Mwaka huu nimejiandikisha tena. Njia ni ileile: kilomita 140, milima mitatu mikubwa, na katikati yake vilima ambavyo waandaaji kwenye karatasi yao wameviita "mawimbi madogo". Aliyeandika hivyo alipita na gari. Ukijumlisha kupanda kote unapata mita 2,100. Zimebaki wiki tano.

Kwa muda mrefu niliwaambia watu kwamba ni misuli ndiyo iliyoniangusha. Ni kweli ilikaza, lakini hilo ni kama kusema nyumba imeanguka kwa sababu ukuta umelala chini. Kosa nililifanya asubuhi, kilomita ya 18, kwenye mlima wa kwanza, nikiwa bado natania watu.

Mlima ule una kilomita 6 na wastani wa asilimia 6, yaani unapanda kama mita 360. Kundi letu la watu kumi na wawili lilifika chini yake pamoja, likaanza kupanda kwa mwendo wa vijana wawili wa mbele, na mimi nikaling'ang'ania gurudumu lililokuwa mbele yangu utadhani nimefungwa nalo kamba. Tulifika juu kwa dakika 27. Nikijipandia kwa mwendo wangu, ni dakika 35. Kwa hiyo niliokoa dakika 8 asubuhi, mchana nikazilipa kwa 40, tena nikiwa nimekaa juani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kule mlimani kumfuata mtu hakunipi chochote. Kwenye tambarare, mkienda kilomita 30 kwa saa, kazi kubwa ni kuupasua upepo, na anayejibanza nyuma ya mwenzake anaweza kupunguziwa robo ya kazi hiyo au zaidi. Hapo ukiachwa umekwisha, bora ukaze meno. Mlimani, kwenye kilomita 10 kwa saa, upepo karibu si kitu. Unachobeba ni uzito wako na wa baiskeli, na huo hakuna anayekusaidia kubeba hata ukimgusa mgongo. Nilichokuwa nakifuata kule juu yalikuwa macho ya watu.

Basi maandalizi yangu yote ya mwaka huu nimeyajenga juu ya jambo hilo moja: tambarare nitang'ang'ana, mlimani nitaachia. Ukisikia hivyo unaona rahisi. Jaribu uone. Mtu anakupita polepole, anahema kidogo tu, anakuambia "pole", na miguu inaongeza mwendo yenyewe kabla kichwa hakijaulizwa.

Dawa niliyoipata ni jedwali la saba. Nina kilima changu cha mazoezi, mita 900 hivi, na kila nikikipanda nalisema jedwali la saba kwa sauti: saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne. Nikifika saba mara kumi na mbili bila kukata pumzi katikati ya hesabu, mwendo ni sahihi. Nikikwama kwenye saba mara nne, naenda mbio kupita uwezo wangu, hata kama najisikia shujaa. Kuna watu wana vifaa vya kupima mapigo ya moyo na nguvu ya pedali, vizuri sana, lakini hivyo vinakuambia namba tu, na namba unaweza kuacha kuitazama. Pumzi ikikatika unaisikia mwenyewe. Jumanne nakipanda mara nane, Alhamisi mara nane, na mwisho wa wiki nakwenda mbali, muda wa saa nne hadi sita kwenye kiti, bila haraka yoyote. Wiki ya mwisho kabla ya safari nitapunguza karibu nusu, maana mazoezi ya siku zile hayakuongezei nguvu, yanakuongezea uchovu tu.

Halafu gia. Baiskeli yangu ina meno 34 mbele kwenye sahani ndogo, na nyuma gia nyepesi kuliko zote ilikuwa na meno 28. Ukinyonga duara moja unasogea kama mita 2.55. Kwa duara 60 kwa dakika hiyo ni kilomita 9 na kitu kwa saa, na kwenye sehemu ya mlima yenye asilimia 11 mimi siwezi mwendo huo. Kwa hiyo nilikuwa nakanyaga duara 40, 45, kila moja kama kuinua gunia, na mapaja ndiyo yaliyolipa. Sasa nimefunga kaseti, yaani lile fungu la gia za nyuma, ambayo gia yake nyepesi kuliko zote ina meno 34. Duara moja linanisogeza mita 2.1, na kilomita 7 na nusu kwa saa naziweza huku nahesabu zangu.

Jirani yangu, ambaye ndiye aliyeniingiza katika mambo haya, aliiona ile kaseti akacheka. "Dada, hiyo gia au sahani ya wali?" Nikamwambia aulize Tour de France. Henri Desgrange, aliyezianzisha mbio zile mwaka 1903, aliona gia za kubadilisha ni za wanyonge, na washindani wakubwa hawakuruhusiwa mtambo wa kuhamisha mnyororo hadi mwaka 1937. Kabla ya hapo gurudumu la nyuma lilikuwa na meno machache upande huu na mengi upande ule. Ukifika chini ya mlima unashuka, unafungua nati, unaligeuza gurudumu, unafunga, ndipo unapanda. Inasimuliwa kwamba mshindani wa baiskeli Tullio Campagnolo alishindwa kuzifungua nati hizo kwa vidole vilivyoganda kwa baridi, kwenye mlima wa Croce d'Aune kule Italia mwaka 1927, na hapo likamjia wazo la kile kishikio cha kufungulia gurudumu kwa mkono mtupu. Yaani watu waliteseka miaka zaidi ya thelathini kwa sababu ya aibu ya mtu mmoja. Mimi yangu imenitosha mwaka mmoja.

Kaseti yenyewe haikuingia kirahisi. Fundi aliifunga, akahamisha mnyororo kwenye meno makubwa mbele na makubwa nyuma, ukakazika kama uzi wa upinde. Ulikuwa mfupi. Akachukua rula, akaiweka juu ya mnyororo wa zamani: pini ishirini na nne mbele, mnyororo mpya unatakiwa kusoma milimita 304.8, maana kila pini iko nusu inchi kutoka kwa mwenzake. Wangu ulisoma 307. "Mama, huu umeshavutika. Ukiuweka kwenye kaseti mpya utaila." Milimita mbili! Nilinunua mpya, mrefu kidogo, na nikaondoka na ule wa zamani mfukoni, sijui kwa nini. Bado upo kwenye droo.

Jambo jingine ni kuusoma mlima kabla ya kuufikia. Wastani unadanganya. Ule wa asilimia 6 una kilomita nzima karibu sawa na tambarare katikati, maana yake sehemu nyingine lazima ziwe kali kuliko 6, na kweli, kilomita ya nne ndiyo ile ya asilimia 11. Nimeandika yote kwenye kipande cha plasta nyeupe nitakachobandika juu ya bomba la fremu: mlima unapoanza, unapokuwa mkali, unapoisha. Namba nimezipanga kurudi nyuma, kilomita zilizobaki badala ya zilizopita. Nimeiga Alpe d'Huez, mlima wa Ufaransa ambako kona 21 za barabara zimepewa namba kuanzia juu, kwa hiyo ukipanda unaanza na 21 na kuteremka hadi 1. Sijafika kule na huenda nisifike, lakini mtu aliyepanga namba zile alikijua kichwa cha mpandaji.

Chakula sasa. Mwaka jana nilikula asubuhi vizuri, nikaondoka, kisha sikutia kitu mdomoni hadi kilomita ya 60 kwa sababu sikuona njaa. Njaa ikija umeshachelewa. Wanga unaohifadhiwa kwenye misuli na ini ni kama gramu 400 hadi 500, na ukikaza kweli unaweza kuumaliza ndani ya saa mbili hivi. Baada ya hapo unaendesha kwa mafuta ya mwilini, ambayo yapo tele lakini hutoka kwa mwendo wa foleni. Sasa nalenga gramu 60 za wanga kila saa. Ndizi moja ni kama 25. Chupa ya maji yenye vijiko vikubwa vitatu vya sukari na chumvi kidogo ni kama 35. Saa yangu ya mkononi inalia kila dakika 20, na ikilia nakula, nipende nisipende.

Lakini saa ya tatu mdomo unachoka na utamu, unatamani hata kulamba chumvi. Nimejaribu vitu vingi, na kilichoshinda ni viazi vidogo vya kuchemsha vilivyopakwa chumvi, kwenye kifuko kilichofunguliwa tayari. Kufunguliwa tayari ni muhimu. Nimewahi kupambana na fundo la mfuko kwa meno huku nashika usukani kwa mkono mmoja, nikaingia mtaroni kwa heshima zote. Viazi hupondeka mfukoni, havipendezi hata kidogo kuvitazama, vinaliwa.

Kushuka sikupendi, na mazoezi yake nayafanya kama mtoto anayenyweshwa dawa. Kupiga breki kabla ya kona, si ndani yake. Mguu wa nje chini. Macho kule ninakotaka kwenda, maana ukilitazama shimo utaliingia. Breki zangu ni zile za raba kwenye ringi, na ukizibana mfululizo mteremko mzima ringi inapata moto mpaka tyubu inaweza kupasuka, kwa hiyo nabana kwa nguvu, naachia, nabana. Juu ya mlima wa pili kuna upepo, na jasho la kupandia hugeuka barafu kifuani baada ya dakika mbili za kushuka. Nitakuwa na gazeti lililokunjwa ndani ya fulana. Wapanda baiskeli wa zamani walifanya hivyo, na mpaka leo sijaona kitu chepesi kinachozuia upepo vile.

Pancha nimejipima: mara ya kwanza dakika 23, sasa 9. Tyubu mbili, pampu, solusheni na viraka. Pitisha vidole polepole ndani ya tairi kabla hujaweka tyubu mpya, kiwaya kilichotoboa ya kwanza kinaisubiri ya pili. Nguo mpya, kiti kipya, viatu vipya: hakuna. Mafuta ya mgando pale panapochubuka: mengi.

Jumapili iliyopita tulifanya jaribio la kilomita 80 na kundi lilelile. Kwenye tambarare nilikaa nafasi ya sita, kimya, gurudumu langu likiwa nyuma ya la mwenzangu na si ubavuni mwake, nikipokea na kupokeza kelele za "shimo!" na "gari nyuma!". Mlima ulipoanza, kijana wa mbele yangu aliinuka kwenye kiti, baiskeli yake ikarudi nyuma kidogo kama inavyofanya mtu akiinuka ghafla, na nusura tugusane. Nikajiachia mita moja. Halafu mbili. Halafu tano.

Jirani aligeuka. "Dada, vipi, mnyororo?"

"Mnyororo mzima!"

"Basi njoo!"

Sikumjibu, nilikuwa saba mara sita. Walikunja kona ya kwanza, nikawaona migongo, wakakunja ya pili, nikawasikia tu, kisha ikabaki tiktik ya mnyororo wangu mpya na ndege mmoja mahali fulani. Bibi mmoja mwenye baiskeli ya kikapu alikuwa anashuka upande wa pili, akasikia natamka namba peke yangu, akanitazama mpaka aliponipita. Saba mara kumi na mbili, themanini na nne. Nikaanza upya.