Nimempandisha mzee mpaka usawa wa Horombo kwa gari

Ndugu zangu wa Denver na Aurora huku Colorado, Marekani, kama una mzazi amekuja kukutembelea kiangazi hiki usimwache ashinde ndani na TV, mpeleke Trail Ridge Road, mimi mzee wangu nimempeleka jumamosi na mpaka leo roho yangu nyeupe.

Kwa wasioijua, ni barabara ya lami inayokatiza hifadhi ya Rocky Mountain kutoka Estes Park mpaka Grand Lake, maili 48, na pale juu kabisa ni futi 12,183, yaani mita 3,713. Sasa kambi ya Horombo kule kwetu mlima Kilimanjaro ni mita 3,720. Baba kabeba mizigo ya watalii njia ya Marangu miaka na miaka, leo unalala kambi ya chini ya Mandara kesho ndo unaiona Horombo, na huku kafika kimo kilekile kafunga mkanda na chupa ya chai ya tangawizi iko miguuni. Nilipomwambia akanyamaza, halafu akauliza "Horombo hii hii? Mbona hatujatoka jasho?" akacheka mpaka akatoa kofia.

Ila kilichomshika zaidi ni mimea. Pale Horombo kuna ile mimea mikubwa ya senesio inampita mtu urefu, huku kwenye usawa uleule miti ilishaisha zamani na kilichobaki ni vimaua vidogo kama vifungo vya shati vimelala chini kukwepa upepo, maana theluji inakaa huku miezi mingi mno na muda wa kuota ni mfupi. Mzee aliinama akaviangalia muda mrefu bila kugusa, na mabango yanakataza watu kukanyaga nje ya njia kwa sababu vikishakufa vinachukua miaka mingi kurudi.

Watoto waliposhuka kwenye gari wakataka kukimbia, akawazuia palepale. "Wajukuu zangu, pole pole, hapa hewa nyepesi." Akawanywesha maji, akawapanga mstari, yeye mbele, hatua fupi fupi, yaani nikamwona yule baba wa mlimani ambaye sisi tulikuwa tunamsikia tu kwenye hadithi akirudi nyumbani, na wanangu wamemwona kwa macho yao. Hiyo hakuna hela ya kuinunua.

Kwa watakaoenda, tokeni asubuhi mapema kwa sababu mchana mawingu yanajaa na radi za kule juu si za mchezo. Angalia kwanza mtandaoni kama unatakiwa kubuki muda wa kuingia, miaka hii wakati wa kiangazi wamekuwa wanataka hivyo. Sehemu nyingi pembeni hakuna kingo, ni korongo tupu, na ukishuka weka gia ndogo usikanyage breki muda wote zitaungua. Mzazi mwenye presha au moyo aulize daktari kwanza, na yeyote akianza kuumwa kichwa au kichefuchefu mshushe, usibishane naye.

Barabara hufungwa kama katikati ya Oktoba, theluji ikiwahi inafungwa mapema zaidi. Anayekuja Septemba bado anawahi, na ndo kipindi madume ya elk, kulungu wakubwa wa huku, yanapolia kutafuta majike, upande wa Estes Park unayasikia jioni hata ukiwa ndani ya gari.